Maji ya Darasa la Nne A

Jumatatu ya Wiki ya Maji, saa tatu na robo asubuhi, Mwalimu Evaresta wa Nne B alikuwa katikati ya hesabu ya kugawanya pale maji yalipoingia darasani kwake kwa kupitia chini ya mlango. Yaliingia polepole, kama mgeni asiyejua aketi wapi, yakazunguka mguu wa meza yake, yakaelekea kwenye pembe ya chini ambako sakafu ilibonyea tangu mwaka ilipojengwa. Evaresta akainua boksi la chaki akaliweka dirishani. Akawaambia watoto wainue mifuko yao. Kisha akaimalizia hesabu, maana hesabu ya kugawanya haiachwi njiani.

"Mwalimu," akasema mtoto mmoja wa nyuma, "wenzetu wana mto."

"Na ninyi mna baki ya saba. Andikeni."

Maji yalikuwa yanatoka darasa la jirani, la Nne A, ambako Mwalimu Nice alikuwa amewasha kompyuta. Mwalimu mkuu, Elimringi, akapita barazani suruali ameikunja mpaka magotini, viatu mkononi. Aliagiza viatu vyote vipangwe juu ya ukuta wa baraza kwa kufuata madarasa, visije vikachanganyika. Halafu akachukua jembe akayachimbia maji njia ya kwenda kwenye migomba ya shule. Kengele ya mapumziko ilipogongwa, Nice alizima kompyuta na maji yakakatika. Watoto wakadeki. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya Jumatatu.

Shule yenyewe iko mlimani Meru, juu kidogo ya Nkoaranga, mahali ambapo parachichi likidondoka mlangoni pako analiokota jirani wa chini. Evaresta alikuwa amefundisha pale miaka ishirini na mitatu. Kompyuta ilikuwa na miezi mitano. Ililetwa na shamba la maua la kule tambarare, moja ya yale mashamba yaliyoota baada ya nchi kuwafungulia mlango wenye mitaji, yenye nyumba ndefu za nailoni ambazo ukiziangalia kutoka juu unadhani mtu ameanika mashuka. Ilikuja ndani ya boksi lenye picha ya waridi, pamoja na umeme ulioishia kwenye darasa moja tu. Darasa hilo likawa Nne A, kwa sababu nguzo ilisimikwa upande huo.

Nguzo ingesimikwa upande wa pili, Evaresta alikuwa akijiambia. Hatua kumi na mbili tu. Alishazipima.

Nice alikuwa na miaka ishirini na minne, binti wa Wachaga wenye duka kule Levolosi, Arusha mjini, na alikuwa amejifunza kompyuta mjini kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Yeye ndiye aliyeleta mambo ya wiki. Kila mwezi ulikuwa na wiki yake, na wiki ilikuwa na jambo lake, na masomo yote yalilifuata jambo hilo kama vifaranga. Wiki ya Ndege watoto walivaa midomo ya karatasi, wakahesabu mayai, wakaimba sauti za ndege, na kwenye kioo cha kompyuta wakaangalia ndege wa nchi mbalimbali wakiruka. Ilipokwisha, sakafuni yalibaki manyoya ya kutosha kujaza mto mmoja wa kulalia. Wiki ya Sayari ilibakiza vumbi jekundu. Yote yalifagiliwa.

Evaresta naye alikuwa na zana zake, na hakuna aliyesema hana. Alikuwa na abakasi ya visoda, alikuwa na ramani ya Tanzania ya udongo wa mfinyanzi ambayo Mlima Meru wake ulikuwa mrefu kuliko Kilimanjaro, na wakaguzi walikuwa wanalicheka jambo hilo kila mwaka lakini hawakulirekebisha. Na alikuwa na Siku ya Mfereji. Hiyo ilikuwa siku moja kila mwaka, tangu kabla hata Nice hajajua kusoma. Watoto walitengeneza mitumbwi ya magome makavu ya mgomba, kila mmoja akaandika jina lake kwa mkaa. Nusu ya darasa walipanda juu wakaiweka kwenye Mfereji wa Kaaya, nusu wakasubiri mita mia tatu chini, kwenye kidaraja cha shule, na saa ya mkononi ya Mwalimu. Wakapata umbali, wakapata muda, wakatafuta mwendo. Watu wazima walioolewa na kuoa walikuwa bado wanamsimamisha njiani kumwambia mtumbwi wao ulitumia dakika ngapi.

Siku ya Mfereji ya mwisho ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili Oktoba, mwaka wa tisini na tano. Mitumbwi arobaini na mmoja ya watoto iliwekwa majini saa nne asubuhi, pamoja na mmoja wa Mwalimu mwenyewe. Waliokuwa kidarajani walisubiri. Maji yakapungua mpaka kifundoni, yakapungua mpaka ukucha, kisha wakabaki kaa wakitazamana. Ndiyo asubuhi ile shamba la maua lilipolaza bomba lake kule juu kwenye banio, pale mfereji unapoyapokea maji ya mto, bomba nene kuliko paja la mwanamume, na karatasi ya ruhusa kutoka mjini. Evaresta na watoto waliupanda mfereji mzima wakitafuta mitumbwi. Hawakuona hata mmoja. Kwenye andalio la somo la siku ile, pale penye umbali aliandika mita mia tatu. Pale penye muda paliachwa wazi. Evaresta hakuwa mtu wa kuandika uongo kwenye andalio.

Nice hakuyajua hayo. Alipoipanga Wiki ya Maji alikwenda kwa Evaresta, akaamkia kwa adabu, akasema, "Mama, nasikia wewe zamani ulikuwa unafundisha maji vizuri. Njoo tufundishe wote."

"Zamani," alisema Evaresta.

"Samahani, mama. Watu ndivyo wanavyosema."

"Wewe endelea tu, mwanangu. Mimi maji yangu yaliisha."

Wivu wa Evaresta haukuwa wa kelele. Ulikaa mahali pamoja, chini ya mbavu za kushoto, mfano wa punje ya mahindi iliyomezwa vibaya. Alisalimia vizuri, akacheka panapochekwa. Lakini Nne A walipopiga makofi, aliyasikia yakigonga ule ubavu. Na katika makofi yale alikuwa anaweza kuitambua mikono ya Aika.

Aika alikuwa mjukuu wake, miaka kumi, amemlea tangu alipoacha ziwa, kwa kuwa mama yake alikuwa anauza mitumba Arusha mjini. Kwenye kugawa mikondo, Aika alianguka A. Zamani mtoto huyu alikuwa akirudi nyumbani anamshika bibi yake upindo wa kitenge na kumwuliza mambo. Sasa alikuwa anarudi na majibu.

"Bibi, Mwalimu Nice anasema maji yana mzunguko."

"Yalianza kuzunguka mimi sijazaliwa."

"Lakini kwake yanazunguka kweli. Anabonyeza tu."

"Menya ndizi, Aika."

"Leo nilibonyeza mimi," alisema Aika, akimenya. "Alinishika mkono hivi, akasema, taratibu, mama. Mkono wake una marashi."

Evaresta alinusa mkono wake mwenyewe, kwa siri. Ulikuwa na chaki.

Jumanne maji yalitoka tena, na Jumatano akina mama walikuja na ndoo. Tangu mfereji ukauke walikuwa wanateremka bondeni mwendo wa saa nzima, kwa hiyo hawakuwa na muda wa kuuliza maswali. Walipanga foleni nje ya dirisha la Nne A na Nice akawa anazungumza nao huku anafundisha, anawaambia watoto wahesabu ndoo, wakadirie lita, wachore grafu. Lilikuwa somo zuri. Evaresta aliliona hilo, na kuliona kulimuuma kuliko kama lingekuwa baya. Alipobaki peke yake barazani aliinama akachota maji kwa kiganja, akanywa. Yalikuwa baridi ya kugonga meno, na yana ladha ya mizizi ya mkuyu wa pale penye kona ya mfereji. Miaka aliyokunywa maji yale ilikuwa mingi, asingeweza kuyasahau. Yalikuwa ya Mfereji wa Kaaya.

Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano, mitumbwi ikaanza kufika.

Ilitoka kwenye kioo mmoja mmoja, ikiinama kidogo kwenye ukingo, ikatua sakafuni na kwenda zake kwa mstari kuelekea mlangoni. Nne A wakashangilia. Wakayasoma majina kwa sauti: Lerionka. Yiamat. Nosim. Elinaza. Hakuna aliyekuwa darasa lao. Nice akasema hii ndiyo inaitwa mazoezi kwa vitendo, akamtuma mtoto alete saa ya ukutani. Mwalimu mkuu aliitwa, akasimama mlangoni akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mwalimu Nice," akasema, "umebuni kitu. Wageni wakija mwezi wa nne, waonyeshwe hiki."

"Sikubuni, mkuu. Imekuja yenyewe."

"Na unyenyekevu juu yake," akasema Elimringi. Akaandika kwenye daftari lake.

Evaresta alikuwa kwenye kizingiti cha pili, mikono nyuma. Alikuwa anaihesabu. Kumi na tisa. Thelathini. Arobaini na mmoja. Kisha wa mwisho, mkubwa kidogo kuliko wenzake, umeandikwa Mwl. E. kwa mwandiko wake mwenyewe. Aika ndiye aliyeuokota. Akauangalia, akamwangalia bibi yake, halafu akaupeleka kwa Nice.

"Bibi ndiye aliyeutengeneza huu," alisema Evaresta kwa sauti ya kawaida. Lakini makofi yalikuwa mengi.

Saa nne na nusu Nosim mwenyewe alikuja mbio kutoka shambani, binti wa miaka kumi na sita sasa, aproni ya kufungia maua kifuani na harufu ya dawa ya kupulizia wadudu. Mtu alikuwa amempelekea habari. Aliuchukua mtumbwi wake, akauliza, "Mwalimu, ulitumia muda gani?" Evaresta akamwambia bado hajapiga hesabu. Nosim akautia mfukoni, akarudi zamu.

Siku ile Evaresta hakula mchana.

Sasa, mtu anaweza kusema kwamba alichokifanya Jumapili alikifanya kwa kupenda ukweli, na Evaresta mwenyewe alijaribu kujisemea hivyo ibada nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi matangazo. Baada ya ibada akamfuata mzee Ephraimu penye ukuta wa kanisa. Ephraimu alikuwa mzee wa mfereji tangu marehemu Gadiel, mume wa Evaresta, afariki. Kila Jumamosi yeye na wazee wenzake saba walikutana, wakagawa zamu za mfereji usio na maji, nani achukue asubuhi, nani jioni, ili siku yakirudi pasiwe na ugomvi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Mwalimu. Nasikia huko shuleni mmefanikiwa."

"Maji yale ni ya mfereji wetu. Nimeyaonja."

Ephraimu aliitikia kwa kichwa. "Hata mimi mke wangu ameniletea. Nikasema, haya ni ya Kaaya."

"Kwa hiyo pale yanapotokea," alisema Evaresta, polepole, kama mtu anayevuka kwenye ubao mwembamba, "pale ni banio."

"Ni banio. Pengine wapi?"

"Na kwenye banio amekaa mwanamke."

Huko mlimani kila mtu anajua, na yeye aliyekuwa mke wa mzee wa mfereji kwa miaka thelathini alijua kuliko wote: mwanamke anachota maji popote anapotaka, anafua, anaogesha watoto, lakini kwenye banio, kwenye mdomo wenyewe, hakanyagi. Evaresta hakuwahi kuliona banio maishani mwake. Gadiel alikuwa akimchorea kwa kijiti majivuni, naye anakubali kuwa ameona.

Ephraimu alivaa kofia yake. "Ahsante kwa kunikumbusha," alisema.

Jumatatu wazee wanane walifika shuleni na kibuyu cha pombe ya ndizi. Wawili walikuwa wazee wa kanisa, hao walisimama upande wa dirishani. Waliiangalia kompyuta pande zote, wakakubaliana kwamba mdomo ni pale. Ephraimu akamwaga pombe kidogo sakafuni, na mwalimu mkuu akaomba, tafadhali, wasimwagie penye herufi. Kisha wakatoa neno. Maji yataendelea. Zamu zitakuwa zilezile walizozigawa Jumamosi. Mwanamke asikae mbele ya kompyuta, wala asiiguse.

"Mwalimu Sylvanus yupo," alisema Elimringi, ambaye hakutaka kugombana na mtu wakati kuna wageni wa mwezi wa nne. Sylvanus alikuwa mwalimu wa michezo. Alionyeshwa pa kuwashia.

Nice alikunja kitambaa alichokuwa anaifunikia kompyuta isiingie vumbi, akakiweka mezani, akatoka. Alipopita karibu na Evaresta akasema, "Shikamoo, mama," kama kila siku. Evaresta akaitikia. Ile punje chini ya mbavu ikashuka, akavuta pumzi mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu kompyuta ifike Oktoba.

Pumzi ile haikudumu hata dakika tano, kwa sababu mzee Ephraimu aligeuka akauliza, "Na hawa?"

Alikuwa anawaonyesha wasichana wa Nne A. Walikuwa ishirini na mmoja.

Evaresta hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amemfikiria Nice, na marashi, na makofi. Alifungua kinywa. Lakini mzee alikuwa amekwisha kujijibu, na jibu lilikuwa sahihi kwa kadiri ya mambo yalivyo: msichana ni mwanamke ambaye hajafika.

Basi Nice akapewa darasa la kwanza. Wavulana wa Nne B walihamia A, na wasichana wa A wakaletwa B kwa Evaresta, wakibeba madawati wawili wawili juu ya matope. Darasa lake likajaa. Aika alikuwa dawati la tatu, upande wa ukuta wa jirani. Alichokitamani Evaresta kwa miezi mitano alikuwa amekipata: mjukuu wake alikuwa anamtazama yeye, na ubao wake, kuanzia saa mbili asubuhi.

Aika hakuuliza kitu mpaka jioni, wanapalilia kahawa.

"Nani aliwaambia wazee?"

"Aika."

"Mwalimu Nice hajui mambo ya mfereji. Mwalimu mkuu hajali. Nani aliwaambia?"

Evaresta aling'oa magugu matatu. "Mimi."

Aika akapokea jibu hilo kama anavyopokea hesabu ngumu, macho chini, midomo ikienda. Kisha akahamia mstari mwingine wa kahawa. Tangu siku ile alimwita bibi yake Mwalimu, hata nyumbani.

Kwa Sylvanus maji yalitoka vizuri tu. Hakukuwa na wiki tena, maana yeye aliwasha, akakaa. Wavulana walijaza ndoo ndani wakazipitisha dirishani, na wasichana wakazipokea nje wakazibeba, wakati wa mapumziko na baada ya masomo. Ndoo zilikuwa na utaratibu mzuri. Afisa wa shamba la maua akaja na gari, akaliangalia jambo lenyewe kwa dakika kumi. Alisema shamba limefurahi sana kuona msaada wao unawafikia wananchi. Akaleta bango lenye picha ya waridi, likasema maji haya ni zawadi kwa jamii. Ephraimu akamwuliza kuhusu bomba la kule juu, afisa akasema hilo ni suala jingine na lina karatasi. Kabla hajaondoka akaomba, kwa adabu kabisa, kwamba kama maji ya kompyuta yatazidi mahitaji, ziada ipelekwe shambani. Elimringi akaandika kwenye daftari lake.

Wiki ya pili Evaresta alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba lake, akalifunga fundo, akaenda nyumba ya walimu. Nice alikuwa barazani anachambua maharage. Mtoto wa Kichaga haelezwi maana ya isale. Akiletewa, ameombwa msamaha, na kulikataa ni kujitafutia makubwa. Aliliona likija mkononi mwa mama huyu akaacha maharage.

"Ulikuwa ni wewe," alisema.

"Nilikuwa mimi."

"Mimi nilidhani ni Sylvanus. Nimemnunia mtu wa watu wiki nzima." Akacheka kidogo, akaacha. "Kwa nini, mama? Si nilikuita tufundishe wote?"

"Uliniita kwenye maji yangu mwenyewe, mwanangu. Mtu hakaribishwi kwake." Evaresta akakaa kwenye ngazi. "Halafu walikupigia makofi."

"Kwa ajili ya makofi?"

"Na mtoto. Anasema mkono wako unanukia."

Nice aliuangalia mkono wake. "Ni mafuta ya mgando," alisema. "Yapo kila duka." Akalipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Nimepokea, mama. Yameisha kati yangu na wewe. Lakini jani hili haliwafungulii wale watoto."

Evaresta alikwenda kwa Ephraimu kesho yake na jani la pili. Mzee alimsikiliza vizuri, akamkaribisha uji. Akasema, "Mama Mwalimu, ungekuwa umesema uongo, tungekuadhibu na mambo yangerudi yalivyokuwa. Lakini ulisema kweli. Pale ni banio. Sasa nifanyeje?" Jani akamrudishia, kwa sababu yeye hakukosewa.

Evaresta akarudi kwenye kile alichokijua. Alifinyanga kompyuta ya udongo, akaipachika visoda ishirini na sita, kila kimoja na herufi, kwa mpangilio ambao Nice alimchorea kwenye kipande cha boksi. Kipanya akakitengeneza kwa jiwe la mtoni na mkia wa kamba ya mgomba. Nice alikuwa anakuja kipindi chake kikiwa wazi, anawashika watoto mikono, anasema, taratibu, mama. Wasichana arobaini na kitu walijifunza mahali pa kila herufi wakiwa wamefumba macho. Haikutoka kitu kwenye udongo ule, hata unyevu. Aika alikuwa wa kwanza kwa kasi. Nice alipomsifu alitabasamu, na Evaresta, aliyekuwa anafuta ubao, alisikia ile punje ikijigeuza mahali pake. Haikuwa imeondoka. Akaendelea kufuta.

Wageni wa mwezi wa nne walikuja, wakaonyeshwa wavulana, wakapiga picha na bango. Sylvanus akapewa cheti.

Siku iliyofuata Evaresta aliwaletea Nne B andalio la zamani la Siku ya Mfereji, limeliwa na mende pembeni. Aliueleza mkasa wote, akaandika ubaoni: umbali, mita mia tatu. Kuondoka, Alhamisi tarehe kumi na mbili Oktoba, tisini na tano. Kufika, Alhamisi tarehe tisa Machi, elfu mbili. Watoto wakahesabu miezi, wakakumbuka miaka mirefu, wakapata siku elfu moja mia sita na kumi. Wakagawanya. Sentimita kumi na nane na ushee kwa siku. Mmoja akaweka rula juu ya dawati kuona ni kiasi gani. Evaresta akachukua kalamu ya wino akajaza pale palipokuwa wazi, akatia sahihi na tarehe. Kwenye mapumziko Nosim alipitishiwa jibu kwa dirisha la gari la wafanyakazi.

"Maswali?" akauliza Evaresta.

Aika alinyoosha mkono. "Mwalimu, naomba tufanye jingine kama hilo."

"Toa."

Aika akaja mbele, akachukua chaki. Aliandika: Umbali, kutoka dawati la tatu mpaka kompyuta, hatua kumi na mbili. Aliandika: Kuondoka, Jumatatu tarehe kumi na tatu Machi. Kisha akaandika: Kufika, akaweka nukta mbili, akamgeukia bibi yake, akamnyooshea chaki.

Ng'ambo ya ukuta Sylvanus aliwasha. Maji yakaingia chini ya mlango, watoto wakainua mifuko bila kuambiwa. Evaresta aliishika ile chaki mpaka kengele ikagongwa. Wasichana wakatoka kwenda kupokea ndoo. Akafungua andalio jipya akayanakili yote kama Aika alivyoyaandika, na pale penye muda akapaacha wazi.